Sindano Isiyo na Uzi: Kitambaa Kinacholala Chini ya Mabasini ya Migodi Yetu



Wengi wenu mumekwisha kupishana na kamyo mu barabara ya Kasumbalesa ao ya Likasi, imebeba marulo makubwa meupe ao ya kijivu, marefu mita tano ao sita, yamefungwa na plastiki. Mtu mmoja kwenye basi atasema ni matapi ya hoteli. Mwingine atasema ni mabulangeti ya jeshi. Ile njo jeotekstili, fetre ya kulaza chini ya udongo ao chini ya maji. Kwenye shantiye watu husema bidim tu. Bidim ni jina la aina moja iliyojulikana mbele ya zingine, sawa vile kila sabuni ya unga inaitwa Omo.

Niko na lisansi ya agronomia, na kila mara naulizwa: mtu wa mihindi anatafuta nini mu mambo ya vitambaa? Jibu langu ni fupi. Kitambaa kile kinalala kati ya maji ya asidi ya migodi na udongo. Na udongo ni kazi yangu.

Tukumbuke mambo mawili ya karibu. Tarehe 18 Februari 2025, upande wa Zambia, karibu na Kitwe, ukuta wa basini ya mabaki ya kiwanda kimoja cha shaba ulivunjika. Karibu lita milioni 50 za maji ya asidi zilishuka mu kijito cha Mwambashi, zikaingia mto Kafue, na mji wa Kitwe ukakatiwa maji. Miezi tisa nyuma yake, mwanzo wa Novemba 2025, ikawa zamu yetu: maji ya basini ya kampuni moja yalimwagika mu mitaa ya komine Annexe, hapa Lubumbashi, na serkali ikasimamisha kazi za kampuni ile kwa miezi mitatu.

Niseme mapema: fetre haizuii ukuta kuanguka. Ukuta ni kazi ya maenjenia wa ujenzi, na mvua ya Januari haisomi cheti cha kitambaa. Lakini maji ya basini yana njia mbili za kutoka. Ya kwanza ina kelele: watu wanapiga video, waziri anafika, redio inasema. Ya pili iko chini na haina kelele. Maji yanapenya kidogo kidogo, mwaka kwa mwaka, mpaka siku moja yafike ku kisima cha mtu ambaye hajawahi hata kuona ile basini. Njia hii ya pili njo inafungwa na matabaka ya plastiki, udongo na fetre. Basi tuone fetre inatoka wapi.

Kitambaa cha kawaida, kama kikwembe, kinafumwa: uzi unapita juu na chini ya uzi mwingine. Sweta inasukwa kwa vitanzi. Fetre ya sindano haina uzi hata mmoja, haifumwi, na mara nyingi haina hata tone la gundi. Inaanza na nyuzinyuzi fupi, za sentimita 5 mpaka 10, zenye mikunjo midogo kama nywele ya mtoto. Fikiria pamba mbele haijasokotwa. Siku hizi nyuzinyuzi zenyewe ni plastiki: polipropileni (ile ya magunia ya mbolea) ao poliesta (ile ya chupa za maji). Zinafika kiwandani zimebanwa mu mabale, zinafunguliwa, zinachanganywa, kisha zinapita mu mashini ya kuchana yenye masilinda yaliyojaa meno ya chuma. Upande wa pili inatoka tando nyepesi sana, labda gramu 30 kwa mita moja ya mraba. Ukiiweka mbele ya uso wako unaona mtu wa upande wa pili. Ukiipuliza inapasuka.

Sasa inakuja hesabu ya matabaka. Mkono wa mashini unachukua tando ile na kuilaza juu ya mkanda unaotembea polepole, unaenda kushoto, unarudi kuume, unaenda kushoto, kama mama anakunja kitenge kirefu mu valizi. Ukitaka fetre ya gramu 600 kwa mita ya mraba na tando yako ni ya gramu 30, unahitaji matabaka 20. Matokeo ni lundo nene, laini, limejaa hewa. Linaonekana vizuri lakini halina nguvu yoyote: ukilishika tabaka la juu linakuja peke yake, kama ganda la kitunguu.

Hapa njo sindano zinaingia kazini. Usifikirie sindano ya kushonea, juu hii haina tundu la uzi. Ina urefu wa sentimita 7 mpaka 9 hivi, na sehemu yake ya kazi ina pembe tatu. Ku kila pembe kumechongwa vijino vidogo sana, mara nyingi vitatu, kwa hiyo tisa kwa sindano moja. Utaalamu wote uko mu vijino vile. Ndoano ya samaki inaingia bure na inashika wakati wa kutoka. Sindano hii inafanya kinyume: inashika wakati wa kuingia na inaachilia wakati wa kutoka. Ikishuka, kila kijino kinakamata nyuzinyuzi chache za tabaka la juu na kuzivuta chini, kupita matabaka yote. Ikipanda, inapanda mikono mitupu, na zile nyuzinyuzi zinabaki zimesimama ndani ya lundo kama misumari.

Sasa weka maelfu ya sindano kwa kila mita ya upana wa ubao mmoja. Ubao unapanda na kushuka zaidi ya mara elfu moja kwa dakika, na lundo linapita katikati ya sahani mbili zenye matundu: ya chini inalibeba, ya juu inalizuia lisipande pamoja na sindano. Linachomwa toka juu, kisha toka chini. Lundo lililoingia likiwa nene kama godoro linatoka limekuwa la milimita chache. Hakuna kilichoongezwa. Nyuzinyuzi ni zile zile, uzito ni karibu ule ule, lakini sehemu ndogo ya nyuzinyuzi zimegeuzwa toka kulala zikasimama, na sasa kila tabaka limefungwa na mengine kwa nyuzi zake lenyewe. Msuguano njo unashika. Ukivuta fetre, nyuzinyuzi zinabanana zaidi, kama fundo la kamba ambalo kila ukilivuta linakaza.

Mtu atauliza: basi tuchome zaidi, tupate nguvu zaidi? Hapana. Kuna mpaka. Mwanzoni kila mchomo unaongeza nguvu, lakini nyuma ya kiasi fulani sindano zinaanza kuvunja nyuzinyuzi, na nguvu inashuka. Mkulima anajua jambo hili kwa urea: kuna kiasi ambacho kinaongeza mavuno, na kuna kiasi ambacho kinaunguza mihindi.

Kazi hii haikuanza na migodi. Mu karne ya 19, ku Leeds nchini Uingereza, kampuni ya William Bywater ilikuwa inatengeneza mashini za kuchoma mabaki ya katani, juti na manyoya ya farasi, ili kupata vitu vya kuweka chini ya matapi na ndani ya matandiko ya farasi. Ilikuwa kazi ya kuokoa takataka: nyuzinyuzi zilizo fupi mno kwa kusokota. Udongo ulikuja nyuma sana. Mwisho wa miaka ya 1960 kampuni ya Rhône-Poulenc ya Ufaransa ilitoa bidim, na mwaka wa 1970 fetre ya namna hii iliwekwa kama kichungi ndani ya bwawa la Valcros, kusini mwa Ufaransa. Enjenia wake, Jean-Pierre Giroud, njo alileta maneno jeotekstili na jeomembrani mu mkutano wa Paris mwaka wa 1977. Ufundi huu umefika mbali. Breki za kaboni za ndege nyingi kubwa zinaanza hivi: matabaka ya nyuzinyuzi yanapangwa, yanachomwa na sindano mpaka yanakuwa kitu kimoja kinene, kisha yanapikwa na kujazwa kaboni. Sababu ni ile ile: breki ya matabaka ambayo hayajafungwa ingeachana kama biskuti ya gofre siku ndege inatua.

Turudi Katanga. Shaba na kobalti nyingi za hapa zinasafishwa kwa asidi ya salfuriki. Mawe yanasagwa, yanalowekwa mu asidi, madini yanatolewa, na mabaki yanapelekwa ku basini: matope na maji yenye salfati, magnezi, manganizi, na vipande vya shaba na kobalti ambavyo vimekataa kutoka. Basini nzuri inalazwa plastiki nyeusi, jeomembrani, ya milimita 1 na nusu ao 2. Plastiki hii haipitishi maji, lakini ina adui mmoja wa kijinga kabisa: jiwe. Weka mita kumi ya matope juu ya plastiki, na chini yake kajiwe kenye ncha, kamoja tu, na una tundu. Fetre inalazwa chini ya plastiki ili igawe uzito ule, sawa vile mama anaweka kata ku kichwa mbele ya kubeba ndoo. Unene njo kazi yake. Kwa hiyo fetre ya gramu 200 na fetre ya gramu 800, hata kama kwa macho zinafanana, si kitu kimoja.

Pengine fetre inafanya kazi nyingine: inazungushwa ku mabomba ya kutoa maji, ipitishe maji na kuzuia udongo. Wanafunzi wa drenaji mutaelewa haraka. Matundu yakiwa makubwa, udongo unapita na bomba linajaa. Yakiwa madogo mno, yanaziba. Na mu maji yetu yenye chuma na salfati, kuziba ni hatari ya kweli, juu chuma kinageuka kutu na salfati pamoja na chokaa inageuka jipsi, vyote ndani ya matundu ya fetre.

Kuna jambo ambalo wanunuzi wengi wanalipita haraka: plastiki ya nyuzinyuzi ni ya namna gani? Bei inasema poliesta, na mara nyingi poliesta ni sawa. Ku Afrika Kusini kuna viwanda vinavyotengeneza bidim kwa chupa za soda zilizotumika, na mimi nikiona mifereji ya Kenya na Katuba imejaa chupa zile zile, roho inaniuma. Lakini poliesta ina udhaifu wake: mu mazingira ya chokaa kali inakatika polepole, maji yanaivunja minyororo yake. Na sisi, mbele ya kutupa mabaki ya asidi, tunayatia chokaa. Ukiwa na basini ambayo chokaa imezidishwa, polipropileni ni chaguo salama zaidi, juu inavumilia asidi na chokaa vyote viwili. Yenyewe adui yake ni jua. Iache wazi miezi ya Agosti na Septemba, mu jua letu bila mawingu, na itaanza kuvunjika mu vidole kama majani makavu. Rulo likifunguliwa lazima lifunikwe mapema. Nimeona marulo yamelala wazi msimu mzima wa kiangazi, na nyuma yake yakatumiwa kama kawaida. Karatasi zilikuwa nzuri.

Hapo nafika ku jambo ninalotaka hasa kusema: fetre inaweza kupimwa na mtu yeyote aliyepita mu labo yetu. Kuna majaribio makubwa ya ISO yanayohitaji mashini, kama lile la 12236 ambapo pistoni ya chuma inasukuma fetre mpaka ipasuke. Lakini jaribio la kwanza la yote, ISO 9864, ni kupima uzito. Kata mraba wa sentimita 10 kwa 10, uweke ku mizani ya labo, zidisha mara 100. Gramu 6 ni fetre ya 600. Gramu 4 ni fetre ya 400, hata kama etikete inasema nini. Usikate kipande kimoja tu. Kata kumi, toka pembeni ya rulo mpaka pembe nyingine, juu ule mkono wa mashini unaokunja tando unaweza kuacha sehemu za katikati nyepesi na pembeni nzito, ao kinyume chake. Tunafanya vile vile tukichukua udongo wa shamba: hakuna agronome anayechukua kijiko kimoja mu hektari nzima na kusema amejua shamba.

Kisha fungua kona ya kipande kwa vidole. Matabaka yakiachana bila kukataa, sindano hazikufanya kazi yao. Kiinue mbele ya jua: mahali pepesi panaonekana kama dirisha. Mwisho, pitisha sumaku yenye nguvu juu ya rulo. Sindano zinavunjika, maelfu zikishuka mara elfu kwa dakika lazima zingine zivunjike, na kipande cha sindano kikibaki ndani ya fetre kitatoboa plastiki ile ile ambayo fetre ilitumwa kuilinda. Viwanda vya maana vinapitisha kila rulo mbele ya sumaku na mashini ya kutafuta chuma. Kuamini ni vizuri, sumaku ni franka chache.

Nilifanya kazi ya miezi saba ku mkandarasi mmoja aliyekuwa analaza basini, jina lake silitaji. Marulo yalikuja na etikete ya 600. Nilipima vipande kumi, na hakuna kilichofika gramu 6. Vingi vilikuwa kati ya 4 na nusu na 5. Shefu wa shantiye aliniangalia, akaangalia mizani yangu, akasema: "Docta, hii balansi ni ya kupima mbegu." Nikamwambia: "Shefu, gramu ya mbegu na gramu ya bidim ni gramu moja." Alicheka, lakini akaenda kupima tena na mizani ya labo ya kiwanda. Zilikuwa zile zile. Marulo yalirudishwa? Sehemu tu. Yaliyobaki yalilazwa mara mbili mahali penye mawe, na mu karatasi ikaandikwa matabaka mawili, ambayo ni kweli. Sikuona vibaya, matabaka mawili ya 450 ni kinga nzuri kuliko moja. Lakini bila mizani ile ya mbegu ingelazwa moja, na hakuna mtu angejua mpaka leo. Fanyeni hesabu: hektari moja ni mita za mraba 10,000, kwa gramu 600 ni tani 6 za fetre. Ukipewa 450 umelipa tani 6 ukapokea 4 na nusu. Kila hektari, tani moja na nusu ya hewa.

Sasa tabaka lingine, ambalo nalipenda kuliko yote, juu hapa agronomia inaingia kwa mlango mkubwa. Mara nyingi chini ya plastiki hawaweki fetre peke yake. Wanaweka kitu kama sandwichi: fetre chini, kilo 4 ao 5 za unga wa bentoniti kwa kila mita ya mraba katikati, kitambaa kingine juu, na vyote vinapita chini ya sindano pamoja. Nyuzinyuzi za fetre ya juu zinavutwa kupita unga mpaka zishike kitambaa cha chini. Bentoniti ni udongo wa mfinyanzi unaovimba. Ikipata maji inavimba na kuziba kila nafasi. Zile nyuzinyuzi zilizosimama zinafanya kazi mbili: zinazuia unga usiteleze kwenye mteremko wa basini, na zinaubana wakati unavimba, kwa hiyo unaziba vizuri zaidi. Udongo wa sentimita moja unafanya kazi ya ukuta wa mfinyanzi wa makumi ya sentimita.

Lakini kwa nini bentoniti inavimba? Wanafunzi wa mwaka wa pili, fungueni kaye ya pedolojia. Ni udongo wa familia ya smektiti, jamaa wa ule udongo mweusi unaopasuka kiangazi na kunata masika. Vipande vyake vina chaji hasi, na kati yao kumeshikwa kasheni. Kama kasheni ile ni sodiamu, yenye chaji moja na maji mengi kuizunguka, vipande vinaachana sana, udongo unavimba. Kama ni kalsiamu, yenye chaji mbili, inavivuta vipande karibu karibu, na udongo unavimba kidogo tu. Mwalimu alitufundisha hii kwa sababu nyingine: kueleza kwa nini udongo wenye sodiamu nyingi unakuwa mbaya kwa kilimo, na kwa nini unatibiwa na jipsi. Jipsi inaleta kalsiamu, kalsiamu inafukuza sodiamu, udongo unaacha kuvimba na maji yanapita. Kwa mkulima, kupita kwa maji ni baraka.

Sasa geuza kitabu. Chini ya basini, kupita kwa maji njo balaa. Na maji ya mabasini yetu yana nini? Asidi, magnezi, alumini, na baada ya kutiwa chokaa, kalsiamu na salfati, yaani jipsi yenyewe. Tunachukua bentoniti nzuri ya sodiamu, tunaichoma na sindano kwa ufundi wote, tunaileta kwa kamyo toka mbali, halafu tunaimwagia dawa ile ile ambayo agronome angetumia ili isivimbe. Kama bentoniti imepata maji safi kwanza na kuvimba mbele ya kukutana na maji ya basini, na plastiki juu yake haina tundu, itavumilia zaidi. Kama inakutana na yale maji ikiwa kavu, mahali penye tundu, itaziba vibaya. Ile sandwichi haitaonekana kuwa imeharibika. Fetre itakuwa nzima, sindano zilifanya kazi yao, uzito utakuwa sawa. Ni udongo wa katikati njo umebadilika, na kubadilika kwake ni somo letu, la mabadilishano ya kasheni, ambalo wengi wetu tulifanyia egzamina na kulisahau.

Ndugu, hapa sidanganyi: ku shantiye nyingi mtu anayelaza vitambaa anajua kuchomelea plastiki vizuri sana, na enjenia anajua ukuta, lakini hakuna mtu anauliza maji ya basini yatafanya nini na bentoniti. Sheria ya migodi, ile ya 2002 iliyobadilishwa tarehe 9 Machi 2018, inaomba kila mradi uwe na uchunguzi wa athari kwa mazingira na watu. Mu timu zinazoandika zile ripoti kunakuwa agronome mara nyingi, na kazi wanayompa ni kuhesabu miti na mashamba ya kulipa. Afungue pia ukurasa wa basini.

Neno moja kuhusu nyuzinyuzi za mimea, juu najua nitaulizwa. Kongo ya wakati wa Wabelgiji ililima punga, mmea ambao wataalamu wanauita Urena lobata, kwa kutengeneza magunia. Ulijulikana kama juti ya Kongo, na mpaka leo unaota wenyewe kando ya njia. Tanzania ina katani toka 1893. Mashini ya sindano haichagui: punga, katani, maganda ya nazi, yote yanachomeka, kama ku Leeds zamani. Je, tunaweza kuweka fetre ya punga chini ya basini? Hapana, itaoza, na basini inatakiwa idumu kuliko sisi. Lakini kuna mahali ambapo kuoza ni faida. Juu ya mabaki ya zamani na mu udongo ulioungua, kama ule wa Penga Penga, upande ambao upepo ulipeleka moshi wa tanuru lililoanza 1911, watafiti wa UNILU walijaribu kuotesha majani yanayovumilia shaba, kama Microchloa altera, pamoja na chokaa na mboji. Adui mmoja wa kazi kama hiyo ni mvua: tone linapiga udongo mtupu, linauvua, linachukua mbegu na chokaa pamoja. Tapi nyembamba ya nyuzinyuzi za mmea, imechomwa kidogo tu ili mimea ipite, ingeshika udongo misimu miwili kisha igeuke mboji. Hii ni mada ya memware, na malighafi inaota bure nyuma ya nyumba yenu.

Lakini kama unataka mada ambayo inahitaji makuta kidogo zaidi, niko nayo. Kipimo cha kuvimba kwa bentoniti kinaomba silinda ya kioo ya mililita 100 na maji yaliyosafishwa. Unapima gramu 2 za bentoniti kavu iliyosagwa, unazinyunyiza kidogo kidogo juu ya maji, unaacha masaa 24, unasoma kimo. Bentoniti nzuri ya sodiamu inafika mililita 24 ao zaidi. Sasa chukua silinda ya pili, weka maji yenye jipsi. Ya tatu, maji ya chokaa na salfati ya magnezi. Ya nne, kama kampuni itakubali kukupa, maji ya basini yenyewe. Panga silinda zote nne kwenye meza, moja kando ya nyingine, na upige picha kesho yake asubuhi.